Mzee Aliye Ndani ya Piano

Wacha nianze kwa kukubali kosa langu. Mimi ndiye niliyemwambia Mwalimu Kivuva kwamba kule Wote kuna studio yenye piano ya kweli, ile ya mti, na kwamba kurekodi peke yako ni kazi rahisi sana: unaingia, unapiga, unatoka na flashi mfukoni. Nilisahau kitu kimoja ambacho kanisa letu lote pale Kwa Vonza linakijua, mpaka watoto wa Sande skul. Si kwamba nilitaka kumtega. Nilisahau vile wewe unasahau kwamba friji yako hunguruma.

Mtu ambaye hakusahau ni Muthoki, bibi yake Kivuva.

Siku Kivuva alipotangaza mezani kwamba anaenda Wote kurekodi, Muthoki alikuwa anapakua muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa. Mwiko ukasimama hewani.

"Unaenda na nani?"

"Na mimi mwenyewe. Ni piano tu. Solo."

"Solo," akarudia Muthoki, kama mtu ambaye ameambiwa jina la ugonjwa.

"Solo, Mama Ndinda. Bila kwaya, bila ngoma, bila mtu kupiga makofi. Tangu nitunge huo wimbo sijawahi kuusikia ukiwa peke yake. Hata siku moja! Nikigusa tu, mmeshalipuka."

Muthoki akarudisha mwiko kwa sufuria. "Basi naenda na wewe," akasema. "Nani atakubebea chai?"

Wimbo wenyewe ulikuwa wa sadaka. Kivuva aliutunga zamani akiwa mwalimu kijana, na hakuutia maneno. Maneno tuliyatia sisi, ya Kikamba, bila kumwomba ruhusa. Ndinda, binti yao, alijifunza kutembea na wimbo huo. Akiwa mdogo alikuwa anaubeba ule mkono wake wenye shilingi kama anabeba yai, hatua moja moja mpaka kwenye kikapu, na wazee wanacheka. Sasa Ndinda alikuwa anaolewa Jumamosi na Kinyanjui, kijana wa Kiboko. Wazazi wa Kinyanjui ni wafanyabiashara, watu waliotoka Nyeri wakatulia pale barabara ya Mombasa, na harusi ingefanyiwa kwao, chini ya hema. Piano ya kanisa letu haingefika Kiboko. Mguu wake mmoja ni wa mchwa kabisa, na mwingine mchwa wanausubiri.

Kivuva alikuwa ameweka kichwani kwamba binti yake ataingia kwa piano ya babake. Mama Eunice, mama ya bwana harusi, alikubali kwa heshima zote, lakini na masharti: flashi imfikie DJ siku ya Ijumaa. Isipofika, DJ ako na wimbo wake tayari.

"Mum," Ndinda alimwambia Muthoki kwa simu, "huo wa DJ uko na saksafoni mwanzo mpaka mwisho. Nikiingia na hiyo kitu nitalia, na haitakuwa ya furaha. Mwambie baba asiniangushe."

Basi unaelewa mzigo Muthoki aliobeba kwenda Wote, ukiacha chupa ya chai.

Sasa nikuambie kile tulichokuwa tunakijua. Kivuva akipiga piano, kuna sauti inatoka ndani yake. Si kuimba. Kuimba kungekuwa na nafuu. Inaanza kama nyuki ndani ya chupa. Wimbo ukishika kasi inakuwa ndama aliyefungiwa mbali na mamake. Na kwenye zile kona tamu, zile anazozipenda, inapanda juu kupitia pua, na haiandamani na piano. Piano ikienda Kitui, yenyewe inaenda Mutomo. Na mwenyewe hajui. Hajui kabisa! Uso wake umetulia, macho yamefungwa nusu, mtu wa Mungu.

Nani angemwambia? Ungemwambia wewe? Mwalimu aliyekufundisha kusoma, mpole, anayepiga piano kila Jumapili bila kuomba hata soda? Kiongozi wa kwaya wa wakati huo alipata njia nyingine: akainua mikono, na macho yake yakatuambia, imbeni zaidi. Tukaimba zaidi. Kivuva akinguruma, sisi tunapanda. Akipanda, sisi tunapasua mabati. Ndiyo maana kanisa letu lina sifa ya kuimba kwa nguvu mpaka mjini Kitui. Kuna mhubiri mgeni aliwahi kulia machozi mbele yetu akisema ameona uamsho. Haukuwa uamsho. Tulikuwa tunamfunika Kivuva.

Na Kivuva alikuwa anarudi nyumbani amefurahi. "Uliona, Mama Ndinda? Nikigusa tu, wanawaka!"

"Niliona," Muthoki alikuwa anajibu, akivua viatu.

*

Studio ya Wote iko nyuma ya kisiagi cha unga, chumba kirefu kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Piano ilitoka kwa nyumba ya meneja wa zamani wa shamba la mkonge, na ilikuwa inang'aa kama kabati la harusi. Mwenye kuendesha mitambo alikuwa msichana wa rasta ndefu, hedifoni shingoni, anaitwa Shiko.

"Karibu mwalimu, karibu mama. Mwimbaji anakuja saa ngapi?"

"Hakuna mwimbaji," akasema Kivuva, na akavuta tai yake.

"Ataweka sauti baadaye?"

"Hakuna baadaye. Ni solo."

Shiko akamwangalia vizuri. Huko Wote hajawahi kuletewa wimbo usio na mwimbaji, na wacheza dansi watatu, na mtu wa kusema Bwana asifiwe mwanzoni. "Sawa," akasema. "Hiyo ni rahisi. Lakini jioni kuna kwaya inakuja, kwa hivyo tusilale."

Kivuva akaingia ndani. Shiko akaweka maiki moja juu ya piano na nyingine karibu na kiti, akatoka, akafunga mlango. Muthoki alikuwa ameketi kando yake nyuma ya kioo, chupa ya chai magotini kama mtoto mchanga. Kivuva akanyoosha vidole. Akaanza.

Ilikuwa nzuri. Muthoki mwenyewe aliniambia, ilikuwa nzuri mpaka akajikuta anaomba: Bwana, leo tu, mfunge mdomo.

Nyuki akaamka ndani ya chupa.

Shiko akaangalia mashine. Akagonga hedifoni kwa kidole. Akainamia kioo. Halafu polepole akageuza shingo akamwangalia Muthoki.

"Mama, huyu mwalimu..."

"Kunywa chai," akasema Muthoki.

"Lakini mama, anafanya..."

"Iko na tangawizi. Kunywa."

Kivuva alipomaliza alitoka akipangusa jasho, akaomba kusikia. Shiko akawasha. Piano ikaja, tamu kama asali ya Mwingi, na chini yake, aah, ndama. Kivuva akakunja uso.

"Ni nini hiyo inalia?"

Shiko alifungua mdomo. Muthoki akamkanyaga mguu.

"Ni kisiagi," akasema Muthoki.

"Ehe! Hata mimi nilidhani ni kisiagi." Kivuva akashika koti lake. "Ngoja nikaongee na huyo mwenyewe. Watu wakiongeleshwa vizuri wanasikia."

Mlango ulipofungwa tu, Muthoki akamshika Shiko mkono. "Msichana wangu, unisikize haraka. Hajui. Hajawahi kujua. Na harusi ni Jumamosi. Hiyo sauti unaweza kuitoa kwa mashine?"

"Mama, imeingia kwa maiki zote mbili. Nikiitoa natoa na piano."

"Basi tutaitoa kwa mdomo wake."

Huko nje, Kivuva alikuwa anamsalimia mwenye kisiagi, mwanaume mmoja mweupe wa unga kuanzia kope mpaka viatu, anaitwa Nzau. Alipoelezwa kwamba ni mambo ya harusi, Nzau alizima mashine bila maneno mengi. "Mimi sina shida, mwalimu. Lakini hao akina mama wenye mahindi, utaongea nao wewe." Kivuva akaongea nao. Alipomaliza kuongea nao walikuwa wamepewa historia yote ya Ndinda tangu kuzaliwa, na wakaacha magunia yao wakaja kukaa kwenye ngazi ya studio wasikie piano ya bibi harusi.

Raundi ya pili Muthoki alimpa peremende. "Ya koo, Baba Ndinda. Vumbi ya unga si nzuri."

"Koo ya nini? Mimi napiga na vidole."

"Weka tu."

Akaweka. Kwa muda kidogo kulikuwa na amani. Halafu ikaja ile kona tamu ya kwanza na Kivuva, kwa furaha, akaitafuna peremende. Kwenye hedifoni ilisikika kama mtu anavunja choo cha mbao. Na peremende ilipoisha, nyuki akarudi akiwa na nguvu ya sukari.

Raundi ya tatu Muthoki alitoa mkobani barakoa ya wakati wa korona, moja ambayo ilikuwa imelala na risiti na pini za nywele. "Shiko anasema hizi maiki zinashika pumzi. Si ndiyo, Shiko?"

"Zinashika kabisa, mama," akasema Shiko. Alikuwa ameshaanza kuipenda kazi yake ya siku hiyo.

Kivuva akavaa barakoa kama daktari wa piano. Lakini sauti ile, nilikuambia, njia yake kubwa ni ya pua. Ilitoka nje ya kitambaa ikiwa imepata hata mwangwi.

Wakasikiza. Kivuva akavua barakoa. Kisiagi kilikuwa kimezimwa, na ndama bado alikuwa pale.

"Shiko," akasema kwa sauti ya mwalimu aliyeona mtoto akinakili, "mashine yako inashika stesheni ya redio."

"Haiwezi, mwalimu."

"Inashika. Sikiza. Hiyo ni ibada. Kuna mzee anaomba."

Nzau akaingia kusikiza. Akina mama wa mahindi wakaingia wote, kwa sababu nani anakaa nje na ndani kuna mambo? Wakaiweka tena. Mmoja akasema ni mbuzi wa jirani. Mwingine akasema hiyo ni maji kwa mfereji, hata kwake hulia hivyo maji yakitaka kuja. Nzau akasema kama ni maji basi ni muujiza, manake pale mfereji ni wa kutundikia nguo. Kivuva akapiga magoti, akafungua ubao wa chini wa piano, akamulika ndani na tochi ya simu.

Mama mmoja mfupi anayeitwa Katunge, leso kiunoni, akainama nyuma yake. "Uko ndani, mzee?" akauliza ile piano. "Toka, mahindi yangu inangoja!"

Watu wakacheka. Muthoki alicheka kuliko wote, ndiyo asilie.

"Mtanyamaza kidogo," akasema Kivuva. "Wacha nipige na ubao ukiwa wazi. Tutaskia inatokea wapi."

Muthoki akasema, "Baba Ndinda, acha."

Lakini alikuwa ameshaketi. Akagusa. Na kwa sababu watu walikuwa wengi na wametulia, alipiga vile anavyopigaga Jumapili, kwa moyo wote, na mzee akatoka mzima mzima kwa pua.

Katunge si mtu wa kanisa letu. Hakusomeshwa na Kivuva. Aliiangalia piano, akamwangalia Kivuva, akanyoosha kidole.

"Si ni yeye!" akasema. "Si ndiye analia!"

Vidole vya Kivuva vikasimama. Na sauti, kwa vile haikuwa imeambiwa, ikaendelea peke yake kidogo ndani ya kile kimya, hmmmmm, halafu ikajisikia, ikakatika.

Nzau akakumbuka ana kisiagi. Akina mama wakakumbuka mahindi. Kila mtu alitoka kwa vidole vya miguu, hata Katunge, ambaye alikuwa amejifunika mdomo na leso.

"Mama Ndinda," akasema Kivuva.

"Mm."

"Tangu lini?"

"Tangu nikujue."

"Kanisa linajua?"

Muthoki alipanga chupa ya chai mara mbili kabla ya kujibu. "Kwani ulidhani tunaimba hivyo kwa nini?"

Aliniambia alitamani kulirudisha lile neno, lakini lilikuwa limeshafika. Kivuva alifunika piano polepole, kama mtu anayefunika mtoto, akatoka nje akakaa juu ya gunia la mahindi la mtu. Kisiagi kikawashwa. Unga ukaanza kumtua kwa mabega, na hakuupangusa. Muthoki akaenda akakaa kando yake. Ilibidi aongee kwa nguvu kushinda mashine.

"Umekasirika?"

"Nilidhani ni mimi nawawasha!"

"Ni wewe ulituwasha!"

"Kwa kelele!"

"Kwani moto unauliza kiberiti ni cha kampuni gani?"

Kivuva hakucheka. Alikaa hapo mpaka akawa mweupe kama Nzau. Halafu akainuka, akajipangusa, akarudi ndani. "Washa mashine," akamwambia Shiko. Akatoa kitambaa cha mfukoni, akakikunja, akakiuma kwa meno. Akakaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akapiga wimbo wote.

Hakukuwa na nyuki. Hakukuwa na ndama. Ilikuwa safi kama sahani ya wageni.

"Hiyo," akasema, akitoa kitambaa mdomoni. "Weka hiyo kwa flashi. Zile zingine zote futa."

"Sawa, mwalimu."

Akatoka kwenda kuwaomba msamaha akina mama wa mahindi, manake alikuwa amewachelewesha. Shiko akaanza kuandaa flashi. Muthoki alikuwa bado anaangalia kioo.

"Hebu iweke nisikie," akasema. "Hiyo safi."

Alivua leso mabegani akajitupia kichwani kama shela. Akasimama karibu na ngoma za studio zilizokuwa pembeni, akashika maua ambayo hayakuwepo, na akaanza kutembea kuelekea mlangoni. Hatua moja. Akangoja. Hatua ya pili ikakataa kuja. Alijaribu na mguu wa kushoto, akajaribu na wa kulia. Alionekana kama mtu aliyeazimwa viatu na jirani mwenye miguu midogo.

"Mama, unaumwa na goti?" akauliza Shiko.

"Goti ni zima. Huu wimbo haujui mahali unaenda. Weka ile ya kwanza."

"Ya kisiagi?"

"Ya kisiagi."

Shiko akaiweka. Nyuki akaamka, na miguu ya Muthoki ikaondoka yenyewe. Alipita ngoma, akapita viti, ndama alipolia akageuka kwenye kona vizuri kabisa, akasukuma mlango na makalio, na alikuja kusimamia huko nje kwenye mizani ya Nzau akiwa bado ameshika yale maua. Katunge akampigia kigelegele bila kuuliza ni cha nini.

Kivuva alikuwa amempa mgongo, anamsaidia mama mwingine kufunga gunia. Muthoki akarudi ndani, akavua shela.

"Shiko, hiyo kufuta huwa inachukua muda?"

"Inategemea, mama."

"Basi usiharakishe."

Shiko akaangalia mlango, akaangalia flashi. "Na ikitokea zimechanganyika?"

"Kunywa chai," akasema Muthoki. "Imebaki kidogo."

*

Jumamosi Kiboko kulikuwa na jua la kukaanga mayai. Sisi watu wa Kwa Vonza tuliwekwa upande wa kushoto wa hema, na jamaa za Mzee Gikonyo, babake Kinyanjui, upande wa kulia, wamependeza. DJ alikuwa na meza yake na spika mbili ndefu kuliko milango ya kwangu. Mama Eunice alimpungia mkono. Flashi ilikuwa imefika Ijumaa, kwa mkono wa Muthoki mwenyewe, hakutaka itumwe na mtu.

Nje ya hema Kivuva alikuwa amemshika Ndinda mkono. Suti mpya, tai mpya, mdomo umefungwa kabisa. Tangu Wote alikuwa anaongea kidogo, na hakuwa ameamua kama Jumapili atapiga tena kanisani. Hilo tulilijua, na hatukujua tutamwambia nini.

Piano ikaanza. Sauti kubwa, nzuri, imejaa hema lote. Upande wa kulia watu wakasema mmmh. Kivuva na Ndinda wakachukua hatua ya kwanza.

Na kupitia zile spika mbili, nyuki mkubwa kama ng'ombe akaamka.

Kivuva akasimama. DJ akainama chini ya meza kutafuta waya. Mama Eunice akamwangalia DJ, DJ akamwonyesha kwa mikono kwamba si yeye. Kivuva akageuza kichwa taratibu, akamtafuta Muthoki kwenye mstari wa mbele. Muthoki alikuwa anasoma programu ya harusi kwa makini, ameishika juu chini.

"Twende, baba," akasema Ndinda. Alikuwa anacheka, na mkono wake mmoja ulikuwa umejikunja ngumi, kama umebeba shilingi. "Si ni wetu huu? Twende."

Wakatembea.

Hapo sasa ndama akalia, na sisi, nakuambia ukweli, hatukupanga. Hakuna aliyemwangalia mwenzake. Tulisimama kama watu waliovutwa na kamba moja, tukafungua midomo, tukaimba yale maneno yetu ya sadaka kwa nguvu zile za kupasua mabati, mimi nikiwemo. Wazee wetu wakaanza kutafuta kikapu kwa macho. Upande wa kulia wakaona tumesimama, wakasimama nao; Mzee Gikonyo akapiga makofi, akamuuliza jirani yake hawa watu wanakula nini. Na anayeimba kuliko wote alikuwa Muthoki, shingo imetoka mishipa, programu imeanguka.

Ndinda alikuwa anatembea vile alivyotembea akiwa mdogo, hatua moja moja, hakuna haraka. Kivuva kando yake alikuwa amekaza shingo upande, sikio mbele, anajaribu kupenya kelele yetu afikie spika. Akafika mbele ya mstari wetu. Akainua mkono, ule anaotunyamazishia kwenye mazoezi ya kwaya.

"Wapendwa," akasema, "nyamazeni kidogo. Nataka kumsikia huyo mzee."